Tupeane uzoefu: Mliocheza gemu ya Clementine kisha mkasoma kitabu chake, mlikipokeaje?

MWANA WA NGAMIANI
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale tuliokesha na gemu ya The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, hasa sisi wa Tanga, maana nimegundua tupo wengi kuliko tunavyodhani. Kwa wageni: ilianza 2012. Clementine ni mtoto wa miaka 8, kajificha kwenye kijumba cha juu ya mti, wazazi wamesafiri kwenda Savannah, nje maiti zinatembea. Anaokotwa na Lee, aliyekuwa mwalimu wa historia chuo kikuu, na Lee huyo ndiye wewe mwenye pedi. Msimu wa pili unakuwa Clementine mwenyewe. Msimu wa mwisho ulimalizika 2019: binti keshakuwa mkubwa, anamlea mtoto aitwaye AJ, mguu wa kushoto umekatwa, lakini angalau wamepata makao kwenye shule ya bweni. Tukafuta machozi tukalala.

2022 Tillie Walden akatoa kitabu cha katuni, na humo Clementine kaiacha shule, na AJ pia kamwacha, anaelekea kaskazini. Mimi nilikifunga nikaenda zangu barazani kunywa kahawa. Haya, semeni yenu. Matusi hapana.

DOGO WA RASKAZONE
Mimi kitabu sijakisoma, gemu tu, tena kwenye simu. Pale Lee anapomnyoa nywele ndani ya treni ili zisishikwe na mazombi, mama akaniuliza nalia nini. Nikasema pilipili.

MKONGWE WA KATUNI
Nimekulia kwenye magazeti ya katuni, nina haki ya kusema. Kitabu ni cheusi na cheupe kitupu, na kwa hilo simlaumu mchoraji, theluji ya kule milimani Vermont imetoka vizuri mno. Ila sura! Kuna kurasa nilirudi nyuma kuangalia nani anaongea. Hadithi kaijua, vita hajavijua. Zombi anakuja taratibu kama mjumbe wa michango ya harusi.

BINTI CHUMBAGENI
Mwana wa Ngamiani, kaka yangu, kahawa yako ulikunywa bure.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Mama alipotangulia, mdogo wangu wa kiume alikuwa bado anavaa kaptula za shule ya msingi. Nikawa mama, nikawa baba, nikawa wa kusaini daftari. Nilipopata kazi Dar nilimpeleka kwa shangazi Makorora na begi lake la mabati. Majirani walinisema wee! Kamtupa mtoto. Hakuna aliyeuliza nilikuwa nalala saa ngapi.

Gemu tulicheza pamoja kwenye laptopu ya kuazima, yeye anabonyeza, mimi nachagua. Yale maamuzi yana muda, mstari unapungua chini ya kioo, na umeme wetu mnaujua. Siku ya mwisho ya Lee, keshang'atwa na zombi, kuchagua umwache ageuke au umpige risasi, giza likaingia Chumbageni nzima. Tukakaa kimya na yule mtoto akaniuliza, "Dada, ungekuwa wewe?" Sikumjibu mpaka leo.

Sasa kitabu nililetewa kutoka Mombasa, kikapita Horohoro ndani ya kapu la madera. Nikasoma. Binti kalea tangu utotoni, hajawahi kuulizwa anataka nini yeye, halafu siku moja anaondoka. Mnamuita msaliti. Wangapi hapa mmelelewa na dada na hamjawahi kumpigia simu isipokuwa mna shida?

MWANA WA NGAMIANI
Dada, nimekusikia, shikamoo yako hiyo. Lakini AJ hakuwa na shangazi wa Makorora.

BINTI CHUMBAGENI
Alikuwa na shule nzima ya watoto wenzake wanaojua kupigana. Soma tena.

FUNDI BAISKELI
Naomba nichangie upande ambao hamjaugusa. Nilikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Wa bandia nilitengenezewa Moshi, pale hospitali ya KCMC ambako pia wanafundisha mafundi wa viungo. Watu wengi wanadhani ukishapewa mguu mambo yamekwisha. Kwa joto la Tanga, kufika adhuhuri kigutu kimelowa jasho, soksi inateleza, ngozi inachubuka, na ukivimba kidogo mguu uliokutosha asubuhi hauingii. Natengeneza baiskeli nikiwa nimekaa, mguu nimeuegemeza ukutani, wateja wapya wanashtuka.

Kwenye gemu yule AJ anamkata Clementine mguu kwa shoka kumwokoa na sumu ya zombi aliyemng'ata, halafu mwishoni unamwona na magongo, basi, pazia. Kitabu ndicho kilichonikalisha chini, kwa sababu mguu unabaki kuwa shughuli ya kila siku. Anachechemea, anachoka, anakasirika bila sababu. Hiyo hasira naijua. Mchoraji sura zake zinafanana, ni kweli Mkongwe, lakini mwili wa mtu mwenye kigutu kauchora sawasawa.

MKONGWE WA KATUNI
Hapo nimenyamaza.

MWANA WA NGAMIANI
Fundi, ahsante sana. Mimi kinachonikwaza nadhani ni hiki: kwenye gemu ukimjibu mtu, juu ya kioo panaandikwa Clementine atalikumbuka hilo. Kila mmoja wetu alimlea wake, wangu mpole, wa mwingine katili. Kitabu lazima kichague mmoja tu, na aliyechaguliwa si wangu.

BINTI CHUMBAGENI
Ndiyo ukubwa huo, kaka.

DOGO WA RASKAZONE
Jamani, mwenye kitabu aazime. Hata hicho cha pili cha 2023.

BINTI CHUMBAGENI
Cha kwanza kipo kwangu. Njoo Jumamosi baada ya alasiri, na uje umenawa, cha mwisho nilichoazimisha kilirudi kinanuka bajia.