Nimeokota bundi kagongwa na gari, nifanyeje usiku huu?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri wa haraka. Gari la mbele yangu limegonga bundi likapitiliza, nikashuka nikamkuta yu hai ila bawa moja limelegea na jicho moja halifunguki vizuri. Nimemfunika koti nikamtia kwenye boksi, sasa yupo kimya anahema mdomo wazi. Hapa nyumbani huyu anasema mpe maziwa, yule anasema maji kwa bomba la sindano, mi naogopa nisije nikammaliza. Daktari wa mifugo ni mpaka asubuhi.

kijanimbichi: Usimpe kitu mkuu! Ndege njia yake ya hewa inaanzia hapo hapo nyuma ya ulimi, ukimmiminia maji yanaenda mapafuni. Na maziwa tumbo lake haliyawezi kabisa.

mamakazi: Boksi liwe na matundu, funika liwe giza, chini tandika kitambaa laini kisicho na nyuzi zilizolegea maana kucha zinanasa. Chupa ya maji ya uvuguvugu izungushie nguo uweke upande mmoja tu, akiona joto limezidi asogee. Watoto na mbwa wakae mbali, na tafadhali usifungue kila saa kumpiga picha, kwake wewe ni adui anayetaka kumla na hiyo hofu peke yake inaweza kumuua.

Mleta mada: Asante sana. Bawa nilifunge bandeji?

daktari_mifugo: Hapana, acha. Ndege hana kiwambo (ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kama sisi, anapumua kwa kutanua kifua, ukikaza bandeji unamziba pumzi. Ukilazimika kumshika vaa glavu nzito, cha kuogopa kwa bundi ni miguu kuliko mdomo.

kijanimbichi: Niongezee kwa wanaosoma, angekuwa popo au mbweha ningesema usiguse kabisa, piga simu. Mamalia wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Uking'atwa au kukwaruzwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe, hata kama kidonda ni kidogo.

mamakazi: Asubuhi wajulishe na watu wa wanyamapori, nchi nyingi kufuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Na andika hapo ulipomwokota ni wapi hasa, akipona inabidi arudishwe eneo lake analolijua kuwinda.