Jiwe la Bismarck, Mwanza: hili jina la ukoo chimbuko lake ni wapi, na huko Ujerumani ni la wengi?

KivukoKamanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa majina ya Kijerumani. Tunaandaa kibao cha maelezo ya Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani hapa Mwanza, cha kusimikwa nchi kavu, ambapo mtu akitoka kivukoni Kamanga atakikuta kabla hajatoa simu kupiga picha. Habari za kansela (mkuu wa serikali) wa Ujerumani, Otto von Bismarck, tunazo. Kinachotusumbua ni jina lenyewe.

Jina hili lina maana, au ni jina tu? Ni la watu wengi Ujerumani au ni adimu? Waongozaji wa watalii wamegawanyika: wapo wanaosema ni jina la kawaida huko kama Juma hapa kwetu, wapo wanaosema ni la familia moja. Ile "von" tuiandike au tuiache? Halafu huku yanaandikwa yote mawili, Bismark na Bismarck, lipi ni sahihi? Nataka majibu ambayo Mjerumani akisimama mbele ya kibao hatakuwa na la kusahihisha.

Mhifadhi_Nyaraka

Mkuu, tuanze na chimbuko, kwa sababu likishaeleweka, suala la "von" na la tahajia yanajijibu.

Bismarck lilikuwa jina la mahali kwanza, ukoo ukalichukua baadaye. Kuna mji mdogo uitwao Bismark katika eneo la Altmark, kaskazini mwa jimbo la Sachsen-Anhalt, kilomita kama 20 magharibi ya Stendal. Sehemu ya pili ya jina, "mark", ni neno la kale la mpaka, na pia la nchi iliyo mpakani. Ndilo hilohilo lililomo ndani ya Altmark yenyewe, Uckermark na Neumark. Sehemu ya kwanza ina maelezo mawili. Moja linaihusisha na mto Biese unaopita eneo hilo (mto huo mmoja una majina matatu: kwa juu Milde, katikati Biese, kwa chini Aland, kisha unaingia Elbe), kwa hiyo ni mpaka wa Biese. La pili linasema ni Bischofsmark, yaani mpaka wa askofu. Msichague moja mkalifanya ndilo. Nafasi ikibana, tajeni mji na mwishie hapo.

Sasa mji unageukaje kuwa ukoo? Mtu wa Nansio akiwa Nansio haitwi "wa Nansio", maana wote pale ni wa Nansio. Akishavuka kuja Mwanza na kufungua duka, ndipo watu wanamtofautisha: Juma wa Nansio. Ndivyo ilivyo hapa. Mtu wa kwanza wa ukoo huu kuonekana kwenye maandishi ni Herbord von Bismarck, mwaka 1270, na wala hayuko Bismark. Yuko Stendal, mkubwa katika chama cha Gewandschneider. Neno hilo limewapotosha wengi: ukilivunjavunja unapata "mkata nguo", basi mtu anaandika mshonaji. Hao hawakuwa washonaji. Walikuwa wafanyabiashara wa vitambaa wenye haki ya kukata na kuuza kwa kipimo, watu wenye fedha na sauti mjini. Kwa hiyo msiandike kwamba ukoo wa Bismarck ulianza na fundi nguo, hata kama mtakuta imeandikwa hivyo mahali.

Mwaka 1345 ukoo ulipata ngome ya Burgstall, na mwaka 1562 ukaiachia kwa kubadilishana na mashamba, Schönhausen ikiwa mojawapo. Otto alizaliwa hapo Schönhausen tarehe 1 Aprili 1815.

Kuhusu "von": ni "wa" au "kutoka" tu. Karne za mwanzo ilibebwa hata na wakulima na wenye maduka, baadaye ndipo ikawa alama ya ukabaila. Kuanzia Katiba ya Weimar ya 1919, kifungu cha 109, vyeo vya kikabaila vilifutwa na kubaki kama sehemu ya jina la ukoo. Maana yake leo "von Bismarck" ni jina la ukoo kisheria, na "Graf von Bismarck" vilevile (Graf ni cheo cha kikabaila). Austria walikwenda mbali zaidi mwaka huohuo: "von" yenyewe ilipigwa marufuku. Kwenye kibao andikeni Otto von Bismarck kwa ukamilifu, na Bismarck peke yake mnapotaja jiwe au ukoo.

Tahajia: mji hauna c, ukoo unayo. Hakuna aliyekosea. Uandikishaji wa serikali ulianza Prussia (dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati huo) tarehe 1 Oktoba 1874, na Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo mchungaji au karani aliandika alivyosikia. "ck" baada ya konsonanti ilikuwa kawaida katika Kijerumani cha zamani: Marck, Werck, Danck. Maneno ya kawaida yakaacha c, majina ya ukoo yakabaki nayo, na hata marekebisho ya tahajia ya 1901 hayakuyagusa. Kwa kuwa jiwe lenu limebeba jina la mtu, lina c.

Takwimu_Ilemela

Mhifadhi ameshamaliza upande wake, mimi niingie kwenye idadi.

Ni adimu. Majina yanayoongoza Ujerumani ni ya kazi: Müller msaga nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider mshonaji, Fischer mvuvi, Weber mfumaji. Kila moja lina watu zaidi ya laki mbili. Bismarck halikaribii hata mkia wa orodha hiyo. Majina yatokanayo na mji mdogo mmoja ndivyo yalivyo: wasaga nafaka walikuwa kila kijiji, mji wa Bismark wa Altmark ni mmoja. Lakini adimu hapa si ajabu, maana daftari za simu za Ujerumani zina majina tofauti ya ukoo zaidi ya laki nane, na mengi mno kati ya hayo yamo mara chache sana.

Ukitaka namba ya kuandika, usikopi namba ya tovuti yoyote kabla hujajua inahesabu nini. Ihesabu hivi.

Tumia daftari za simu za mezani, na usichukue za karibuni. Tovuti ya Geogen inachora ramani ya majina kwa daftari la 2002. Kamusi ya majina ya ukoo ya mtandaoni, DFD, ya Akademia ya Mainz, inatumia data ya Telekom ya 2005. Miaka hiyo nyumba nyingi zilikuwa na simu ya mezani iliyoandikishwa. Ukichukua ya miaka ya juzi, watu wamehamia simu za mkononi na jina linaonekana linakufa kumbe sivyo.

Laini si mtu. Data ya 2005 ina laini milioni 28 hivi, na wakati huo Ujerumani ilikuwa na watu milioni 82. Gawanya: ni karibu watu 3 kwa laini. Ukipata laini 40, andika "watu kama 120", usiandike 40. Na chini ya laini 10 usizidishe kabisa, kwa sababu kaya moja yenye laini mbili inavuruga hesabu yote.

Tafuta kila umbo kwa zamu: Bismarck, von Bismarck, Graf von Bismarck, Gräfin von Bismarck, Fürst von Bismarck, Bismarck-Schönhausen, Bismarck-Bohlen, halafu Bismark bila c. Graf na Gräfin ni jina moja, la mume na la mke, mahakama kuu ya Ujerumani iliamua hivyo mwaka 1926. Daftari nyingine zinaipanga "von Bismarck" chini ya B, nyingine chini ya V, nyingine zinaifuta "von" kabisa, kwa hiyo ukijumlisha bila kuangalia unaweza kumhesabu mtu mmoja mara mbili. Kwenye simu, herufi ö inatoka ukikandamiza o kwa muda. Ikigoma andika oe: Schoenhausen.

Ramani nayo ina mtego. Ikiwekwa kwa watu kwa kila milioni, wilaya ndogo inang'aa bila sababu. Mfano wa kukadiria: watu 3 katika wilaya ya watu 90,000 ni 33 kwa milioni. Watu 30 katika Berlin ya watu milioni 3.4 ni chini ya 9 kwa milioni. Utadhani jina limezaliwa kwenye ile wilaya, kumbe ni kaya moja iliyohamia. Angalia ramani zote mbili, ya idadi kamili na ya uwiano.

Na hata ramani sahihi ya 2002 haikuonyeshi chimbuko moja kwa moja. Baada ya 1945 Wajerumani milioni 12 hivi walihama au kufukuzwa kutoka mashariki, na ukoo wa Bismarck ulikuwa na mashamba makubwa huko mashariki, Pomerania (leo sehemu kubwa iko Poland), Varzin ikiwemo. Majina ya huko leo yamesambaa magharibi. Kwa picha ya kabla ya hapo tumia orodha za majeruhi na waliokufa wa Vita Kuu ya Kwanza, ambazo CompGen, chama cha watafiti wa koo, kimeziingiza mtandaoni, maingizo kama milioni 8.5, mengi yakiwa na mahali pa asili. Ni bure. Zilichapwa kwa herufi za zamani za Kijerumani ziitwazo Fraktur, ambamo s ndefu inafanana na f na k inafanana na t, kwa hiyo jaribu pia maumbo yaliyokosewa kama Bifmarck.

KivukoKamanga

Asanteni sana wakuu. Takwimu, nimejaribu tovuti moja ya majina ya dunia nzima. Inaonyesha Bismark ni wengi Ghana kuliko Ujerumani! Kulikuwa na walowezi?

Mwalimu_Bukoba

Hapana mkuu, huo si uhamiaji. Ghana, Bismark ni jina la kwanza la mwanaume, anapewa mtoto kama sisi tunavyompa mtoto Nelson. Tovuti za aina hiyo zinachukua neno la mwisho la jina la mtu na kuliita ukoo, na mtu akijiandikisha kwa kuanza na jina la ukoo, Bismark linaangukia mwisho. Nicaragua na Brazil kuna mtindo huohuo. Ukiona jina la Kijerumani limejaa nchi ambayo haikupokea Wajerumani wengi, angalia kwanza kama huko ni jina la kwanza.

Vivyo hivyo na mahali. Bismarck ya Gelsenkirchen ni mtaa uliopata jina kutoka mgodi wa makaa wa Graf Bismarck. Bismarck ya North Dakota, Marekani, iliitwa hivyo mwaka 1873 kwa heshima ya kansela. Hayo yote yametoka kwa mtu, kama jiwe lenu. Ni ule mji wa Altmark tu ambao jina la mtu limetoka kwake.

La nyongeza kuhusu tarehe, kwa sababu waongozaji wanapenda kusema Bismarck "alifika" Mwanza. Hakuwahi kufika Afrika. Alitoka madarakani Machi 1890. Bukoba ilianzishwa na Emin Pasha, Mjerumani aliyewatumikia wakoloni, Novemba 1890, na kituo cha Kijerumani cha Mwanza kilifuata baada ya hapo. Yaani Wajerumani wanajenga ziwani, yeye ameshastaafu.

Na mkitafuta nyaraka za zama hizo, "Mwanza" haitawapa kitu. Wajerumani waliandika Muansa. Shirati ni Schirati, Usukuma ni Ussukuma, na Nyanza ni Njansa. Tafuteni kwa tahajia hizo katika Bundesarchiv (nyaraka za taifa za Ujerumani), fungu R 1001 la ofisi ya makoloni, na katika mafaili ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mengi ni ya mkono, kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani uitwao Kurrent. Humo e na n hazitofautiani kwa macho ya haraka. Itafuteni u: ina kijikunjo juu yake, ikishapatikana hiyo, neno linaanza kufunguka.

Mhifadhi_Nyaraka

Naongeza kidogo kwa yeyote atakayekuta jina jingine la Kijerumani kwenye kaburi au cheti huku ziwani. Njia ni ileile. Jiulize kwanza ni la kazi, la mahali, la baba au la sifa. Emin Pasha mwenyewe alizaliwa Schnitzer, mchonga mbao, jina la kazi, kwa hiyo akina Schnitzer wa miji miwili hawana lazima ya kuwa ndugu. Vivyo hivyo asiye na "von" anayeitwa Bismarck: huenda babu yake alitoka mji uleule bila undugu wowote na kansela. Tovuti ya FamilySearch inakubali kinyota, andika Bism* upate maumbo yote kwa mkupuo. Vitabu vya makanisa ya Kiprotestanti viko zaidi kwenye tovuti ya Archion, ya kulipia. Tovuti ya Matricula ni bure lakini sehemu kubwa ni ya Kikatoliki, na Altmark ni nchi ya Kilutheri, msipoteze bando huko.

Mkuu wa Kivuko, kwa kibao napendekeza maneno haya:

"JIWE LA BISMARCK. Limepewa jina la Otto von Bismarck (1815–1898), kansela wa kwanza wa Dola ya Ujerumani, ambaye hakuwahi kufika Afrika. Ukoo wake uliitwa kwa mji wa Bismark, Altmark, na unatajwa kwa mara ya kwanza mjini Stendal mwaka 1270. Ni jina la ukoo lililo adimu Ujerumani."

Msimamie mchora kibao mwenyewe siku hiyo. Kwenye jiwe na kansela kuna c, kwenye mji haimo. Atadhani ni kosa la chapa na "ataturekebishia".