Vitabu vya hadithi vya kuazima darasa la 2: naanzaje?

MwlDarasaLaPili
Habari za jioni wadau. Watoto 70 hivi, vitabu vya hadithi vichache na vimefungwa kabatini ofisini, vinaogopewa kupotea. Nataka watoto waende navyo nyumbani. Printa ya leza nyeusi ipo, fedha za kununulia vitabu hakuna. Hakimiliki je?

Kabati_wazi
Mwalimu, ingia African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto. Hadithi za Kiswahili zipo na zimepangwa kwa viwango: cha 1 ni maneno, cha 2 sentensi, cha 3 aya fupi. Nyingi zina leseni huria, unachapa bila kuomba ruhusa mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Soma leseni ya kila hadithi, hazifanani zote.

Chagua kuchapa kama kijitabu, pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ukichagua mrefu, upande wa pili unatoka kichwa chini. Kurasa zigawanyike kwa 4: kurasa 16 ni karatasi 4 za A4, na jalada la manila.

FundiJalada
Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, usihangaike nayo. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano itoke nje kwa tundu la kati, iingie la juu, ipite ndani moja kwa moja hadi la chini, itoke, irudi ndani kwa la kati. Ncha mbili zikae huku na huku ya uzi mrefu, ndipo ufunge fundo. Ukifunga upande mmoja, uzi unalegea.

Bi_Maktaba
Usichape hadithi moja nakala 70! Hadithi 35, nakala mbili mbili. Wiki ijayo wanabadilishana. Daftari la kuazima: namba ya kitabu, jina, kimetoka lini, kimerudi lini. Ijumaa vinatoka, Jumatatu vinarudi. Faini usiweke kabisa, maana mzazi akitozwa mara moja humkataza mtoto asichukue tena. Kikipotea, unachapa kingine kwa karatasi 5. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 17, unazitaka nchi zihimize vitabu vya watoto viandikwe na visambazwe, na cha kabatini hakijasambazwa.

Kabati_wazi
Nyongeza: mwenye uoni hafifu mchapie A4 nzima bila kukunja, herufi saizi 18 kwenda juu, wino mweusi uliokolea. Maandishi yaliyo ndani ya picha yahamishie chini yake, kwani kwenye nyeusi na nyeupe hayasomeki hata kwa wenye macho mazima.