Parsa ya Markdown: uandike yako au uchukue iliyopo?

mtunzi_wa_usiku: Wakuu tujadili hili. Nina tovuti ndogo ya mashairi (iko kwenye profaili), watu wanaandika kwa Markdown (alama ndogo kama * na _ ambazo programu, yaani parsa, inazigeuza kuwa HTML, lugha ya kurasa za mtandao). Shida Markdown ukibonyeza enta mara moja haihesabu, inaunganisha mistari, kwahiyo beti ya mishororo minne inatoka imenyooka kama barua ya kuomba kazi. Nikaandika kichanganuzi changu mwenyewe, mistari 300 hivi, rejeksi tupu (ruwaza za kusaka maandishi). Kazini wananicheka. Kuna ubaya?

Mzee Semikoloni: Upo. Parsa zilizopo tayari, marked na markdown-it, zote zina chaguo linaitwa breaks, weka true, enta moja inakata mstari, 
 yamekwisha. Umechimba kisima na bomba liko mlangoni. Vijana mnapenda sifa.

mtunzi_wa_usiku: Sifa zipi mzee? Nina miaka 41 na watoto watatu. Gruber mwenyewe, mwenye Markdown, 2004 alianza na skripti ya Perl, rejeksi juu ya rejeksi, mbona hakuna aliyemwambia anapenda sifa

Chapati Mbili: Na unajua kilichofuata? Maelezo yake yaliacha mapengo, kila mtu akaziba kivyake, maandishi yaleyale huku yanatoka hivi kule vile. Mpaka 2014 kina MacFarlane na Atwood wakaja na CommonMark, mwongozo mmoja wa Markdown kwa wote, mwanzo waliiita Standard Markdown Gruber akakataa. Mwongozo wao una mifano zaidi ya 600 ya kujipimia. Kichanganuzi chako kinafaulu mingapi?

Feri ya Likoni: Kichanganuzi ndo dude gani? Si mseme parsa twelewane

mtunzi_wa_usiku: Ni Kiswahili. Kuchanganua ni kutenganisha kitu vipande ujue kipi ni kipi, ndo kazi yake hasa

Feri ya Likoni: Nyie wabara ndo mlotuletea kishikwambi badala ya tablet, sina imani nanyi tena

Bi Nukta: Kenya mna tarakilishi lakini. Mtoto anasoma tarakilishi darasani akifika nyumbani anaomba kompyuta 😂

Feri ya Likoni: Tarakilishi usinitie, hiyo ni ya vitabuni, mie na babangu twasema kompyuta toka zamani

Mzee Semikoloni: Kuna walosema ngamizi pia. Nilicheka wiki nzima.

Bi Nukta: Turudi kwenye mada basi. Mtunzi, mtu akiandika link yenye kodi ndani kama [bonyeza hapa](javascript:alert(1)) parsa yako inafanyaje? Na Markdown inaruhusu HTML ndani yake, mtu akibandika tagi ya script yenye kodi ya hatari je? Safisha ile HTML inayotoka, usihangaike na maandishi yanayoingia.

mtunzi_wa_usiku: Wanaoandika kwangu ni washairi dada, si wahalifu

Chapati Mbili: Nimefungua tovuti yako. Chini ya shairi la kwanza jina lako limetoka mtunziwausiku, alama za _ zimemezwa na "wa" imelala (italiki) kama mlevi 😭 Rejeksi yako ikiona _ inalaza tu hata katikati ya neno. CommonMark hili wameshalimaliza.

mtunzi_wa_usiku: Hiyo nimeiacha makusudi

Chapati Mbili: Makusudi jina lako mwenyewe???

Kaka Mpole: Samahani nauliza, WhatsApp nyota moja kila upande inakupa herufi nene, nikiandika vile kwenye Markdown inalaza. Nani kakosea?

Mzee Semikoloni: WhatsApp. Ila Markdown ilitangulia ikaharibu nyota ya kuzidishia, andika 5*3*2 uone hiyo 3 inavyolala, yani risiti ya duka inageuka shairi

Feri ya Likoni: Afadhali ilale, shairi la mtunzi limesimama wima kama foleni

mtunzi_wa_usiku: Haya nimeweka markdown-it na breaks. Beti zimekaa, jina limerudi. Mzee nashukuru, ila lile la sifa lifute.

Mzee Semikoloni: Silifuti.

Feri ya Likoni: Na kile kichanganuzi umekitupa au umekipeleka bara?