MALALAMIKO: Kampuni ya GPS inasema iliizima Hilux yangu, wezi wakaendelea kuiendesha

Wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu ili mwenye pikapu ya dizeli ya zamani alielewe kabla hajatoa fedha zake. Hilux yangu yenye injini ya 3L iliibwa usiku ikiwa ndani ya uzio hapa Morogoro. Ilikuwa na kifaa cha GPS, na kampuni iliyokifunga, ambayo siitaji kwa kuwa shauri liko polisi, ilinihakikishia kwamba kifaa hicho kinaweza kuzima injini kwa mbali. Nilipopiga simu, kijana wa zamu alituma amri na kunijibu kwa upole kwamba gari limezimwa. Hilo gari "lililozimwa" nililitazama kwenye simu likipita Msamvu na kushika barabara ya Dodoma, mpaka alama yake ikapotea kwenye ramani.

Majibu waliyonipa baadaye ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu. Wanadai kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha amri ilipokelewa na rilei, yaani swichi ya umeme inayoendeshwa na kifaa hicho, ikakata umeme, kwa hiyo mfumo ulifanya kazi ipasavyo. Naam, nakubali kwamba rilei ilikata, ila ilikata waya ambao mwizi hakuwa na haja nao.

Injini hizi hazina plagi za kutoa cheche wala kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ya kuombwa ruhusa. Dizeli huwaka kwa mgandamizo, pampu ya nozeli huzungushwa na injini yenyewe, na umeme pekee unaohitajika ili injini iendelee kuunguruma ni ule unaofungua solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye pampu. Solenoidi ikipata volti 12, mafuta yanapita. Ikikosa umeme, mafuta yanafungwa na injini inazima. Fundi wao aliiweka rilei chini ya deshibodi, kwenye waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, kwa sababu hapo panafikika upesi na mikono haichafuki. Mwizi anayeijua kazi yake hapiti huko kabisa: anafungua boneti, anavuta waya mmoja kutoka kwenye betri hadi kwenye solenoidi, anaigusisha stata au anaisukuma gari kwenye mteremko, anavunja loki ya usukani na kuondoka. Kama rilei ilikata kweli, kama wanavyodai wenyewe, basi injini iliyoendelea kuunguruma ilikuwa inapata umeme kwa njia hiyo, na rilei yao ingekata hata mara mia bila kubadilisha kitu.

Jambo hili si geni kwa mtu anayejiita mtaalamu. Ulaya ilipolazimisha kuanzia Oktoba 1998 kwamba magari mapya madogo ya abiria yawe na kizuizi cha kielektroniki cha kuwasha injini, watengenezaji wa dizeli za pampu za aina hii walikutana na tatizo hilihili, na baadhi yao wakaifunika solenoidi kwa kofia ya chuma iliyofungwa kwa bolti zinazokatika kichwa zikikazwa, ili spana isipate pa kushika. Kofia ya namna hiyo hata mchomeleaji wa mtaani anaweza kuitengeneza. Koki iliyofichwa kwenye mpira wa mafuta ingemsumbua mwizi kuliko kifaa chao chote, lakini koki haina ada ya kila mwaka.

Kuhusu kupotea kwa alama, GPS hupokea tu mawimbi ya satelaiti. Anayetoa taarifa ni laini ya simu iliyomo ndani ya kifaa. Laini ikizuiwa mawimbi au kifaa kikichomolewa, ramani inabaki tupu, na kukichomoa si kazi kubwa kinapokuwa kimewekwa nyuma ya redio. Hayo yote muuzaji hakuyasema.

Bima yangu ni ile ndogo, ambayo hailipi wizi, kwa kuwa gari la umri huu kupewa bima kubwa ni shida. Ndiyo maana nililipia kifaa hiki.

Nimewaandikia barua kudai fedha zangu na maelezo ya maandishi ya mahali rilei ilipofungwa. Kilichonifikia hadi sasa ni ujumbe wa kunikumbusha kulipia ada ya mwaka ujao.

Wenye pikapu kama yangu, mwambieni fundi wenu atume amri ya kuzima mkiwa hapohapo, kisha aipe solenoidi umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri na kupiga stata. Injini ikiwaka, msimlipe mpaka airekebishe kazi yake. Na yeyote aliyefungiwa kwa mtindo huu hapa Morogoro aniandikie faragha, kwani nakusudia kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, na ningependa twende tukiwa wengi.