Goti lilifanyiwa operesheni ya kano ya ACL, jeshi la Uganda (UPDF) watanichukua kweli?

kijana_wa_busia:
Habari zenu wakubwa. Niko na miaka 20, senior six nimemaliza, UPDF wakitangaza tena kuandikisha watu nataka niende. Shida ni goti la kulia, ACL ilikatika kwenye mpira wa shule, nikapasuliwa, wakatoa kano nyuma ya paja wakaiweka pale na skurubu. Mwaka umepita, nakimbia bila maumivu ila kovu linaonekana wazi. Mtandaoni nilisoma miezi 12 ikipita uko sawa, ni kweli? Rafiki yangu anasema wakiuliza niseme nilianguka na boda tu.

mstaafu256:
Kijana, hiyo ya miezi 12 ni ya jeshi la Marekani, na hata kwao goti likiwa bado linacheza au paja limekonda hawakuchukui. Hapa kwetu tangazo linataka mtu mzima wa afya, basi, na anayeamua ni daktari utakayemkuta siku hiyo. Mnakimbia, mnavua nguo, mnakaguliwa, sasa kovu utalificha wapi?? Sema ukweli. Pale Kaweweta wanakofundisha makuruti kuna kutambaa, kuruka mitaro, kukimbia na mzigo, kupiga goti na bunduki mkononi, na kuruti akianza kuchechemea afande haulizi mara mbili.

nesi_arua:
Kutosikia maumivu si kipimo, mdogo wangu. Kano iliyopandikizwa inakomaa polepole, inaweza kupita hata mwaka, na vijana wa umri wako ndio hukatika tena zaidi wakirudi haraka. Jipime hivi: ruka kwa mguu mmoja, pima ulifika wapi, halafu ule mwingine. Wa kulia usipofika angalau asilimia 90 ya wa kushoto bado una kazi, piga skwoti, panda ngazi, paja lijae. Halafu muone daktari wa mifupa alivute goti kwa mkono aone kama limekaza, aandike. Skurubu isikusumbue, wengi wanakaa nayo maisha yote.

kijana_wa_busia:
Asante sista. Kuruka nimejaribu saa hii hapa nje, wa kulia unabaki nyuma kidogo, majirani wananicheka 😂 Ila ripoti ya operesheni kila nikienda hospitali naambiwa faili halionekani.

nesi_arua:
Ile fomu waliyokupa siku ya kutoka unayo? Mpelekee daktari hiyo na picha zako za MRI, akupime upya aandike barua ya sasa. Hiyo ndiyo utaenda nayo, ya zamani haionyeshi goti liko vipi leo.

mstaafu256:
Na akitokea mtu anataka pesa eti akupitishe kwa daktari, mkimbie. Kuandikishwa ni bure. Barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) na ya afisa usalama wa eneo (GISO) ndio anza kuzitafuta sasa, wakishatangaza foleni inakuwa ndefu