Tupeane uzoefu: uliikarabati nyumba kabla ya kuiuza, au uliiuza ilivyo?

Ufunguo Mfukoni

Wakuu, habari za muda huu. Nina nyumba ya vyumba vitatu, umri wake unagonga miaka 30, nataka kuiuza. Haijachoka kiasi cha kutisha. Ila mgeni akiingia tu sebuleni macho yanapanda juu yenyewe, kwenye doa la kahawia darini, kubwa kama sinia. Nimeshaona watu wanne wakilitazama, na wote wakajifanya hawajaliona.

Mengine: jikoni kuna milango miwili ya kabati haifungi mpaka uisindikize na goti. Bafuni kuna taili tano ukizigonga zinalia tupu. Chumba cha nyuma kuna ufa, umeanzia kona ya dirisha unapanda kwenda darini.

Dalali wa kwanza kaniambia piga rangi nyumba nzima, tutapandisha bei. Wa pili kasema usipigilie hata msumari, uza ilivyo. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kuuza hata kuku, anataka nivunje jiko lote niweke la kisasa. Wote watatu wanaongea kwa uhakika uleule.

Waliopita njia hii naomba mseme: uliweka kiasi gani, kikarudi kiasi gani, na ungeanza upya ungefanyaje?

Mama Wawili

Kaka, mwambie shemeji apumzike. Jiko ndilo lililoniliza mimi. Niling'oa lote: kabati mpya mpaka darini, kaunta ya granaiti, sinki la mabakuli mawili, taa za kujificha chini ya kabati. Rangi nilichagua wiki tatu kama naolewa upya. Nilipomaliza nilikuwa sitaki hata kuiuza.

Mnunuzi aliyekuja kuichukua alisimama katikati ya hilo jiko, akazungusha kichwa, akamwambia mkewe, "Hapa tutabomoa huu ukuta." Kabati zangu ndizo zilizokuwa kwenye huo ukuta. Nikatabasamu hivyohivyo, maana pesa ilikuwa haijaingia.

Kwa hesabu yangu, kila 100 niliyoweka jikoni, kama 40 ndiyo iliyorudi kwenye bei. Sababu niliielewa baadaye: mnunuzi hapangi bei kwa kuangalia jiko lako peke yake, anauliza nyumba ya jirani iliuzwa ngapi. Ukiwapita majirani sana, mwenye pesa hiyo anaenda kutafuta mtaa mwingine kabisa. Ningeanza upya ningebadilisha bawaba na vishikizo, ningesugua mafuta yaliyoganda juu ya jiko, nikaishia hapo.

Sina Haraka

Mimi niliuza ilivyo. Siku 11. Sijutii.

Mama Wawili

@Sina Haraka, ulishusha bei kiasi gani?

Sina Haraka

Sikushusha. Niliianzia chini na nikasema wazi kwamba bei hiyo ni kwa sababu ya paa. Aliyenunua alikuwa fundi, paa alilitengeneza mwenyewe. Yeye alifurahi, na mimi nikafurahi.

Fundi Mstaafu

Huyo dalali wa "piga rangi nyumba nzima" nimemfanyia kazi miaka mingi. Si yeye, ila wenzake. Ngoja niwape kisa kimoja.

Niliitwa kupaka nyumba iliyokuwa inauzwa. Ukuta wa korido ulikuwa umevimba chini, kutoka sakafuni mpaka kiunoni, juu yake kuna mstari wa mawimbimawimbi na unga mweupe kama chumvi. Nikamwambia mwenye nyumba, mzee, hii ni maji, yanapanda kutoka ardhini. Akasema nipake rangi ya mafuta, mikono miwili, inyamaze. Nikapaka. Ikanyamaza kweli, ikang'aa mpaka unajiona.

Wiki ya pili mnunuzi karudi mara ya tatu, na siku hiyo nilikuwepo namalizia geti. Akapita koridoni, akaona kiputo kidogo, hata sarafu inakizidi. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikapasuka kama ganda la yai, nyuma yake plasta ikamwagika unga mpaka kwenye kiatu chake. Hakusema neno. Akakung'uta kiatu, akaangalia kuta zote nyingine zilizopakwa juzi, ambazo zilikuwa nzima kabisa, akaaga. Hakurudi.

Sasa elewa kinachotokea. Tofali linanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta. Kwa kawaida hayapandi sana, yanaishia karibu na mita moja, kwa sababu ukuta unayapumua nje njiani. Ukiziba uso wa ukuta kwa rangi ya mafuta hayana pa kutokea, yanapanda zaidi au yanaisukuma rangi. Kinachotakiwa ni kujua yanaingilia wapi. Pale ilikuwa bustani! Mama wa nyumba alijaza udongo wa maua ukutani kwa nje mpaka ukapita ule utando wa kuzuia unyevu uliolazwa juu ya msingi. Utando huo unatakiwa uwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Dawa ya kwanza ilikuwa koleo, nusu siku. Halafu unabandua plasta iliyooza na kuuacha ukuta ukauke, na hapo ndipo watu wanashindwa, kwa sababu kukauka ni suala la miezi, si wiki.

Kwa hiyo mdau, kama huna miezi, usipake. Mwoneshe mnunuzi udongo ulipokuwa na ukuta unavyokauka.

Ufunguo Mfukoni

Mzee asante sana. Na ule ufa wangu?

Fundi Mstaafu

Una upana gani? Kama ni wa unywele, chini ya milimita moja, mara nyingi ni plasta imesinyaa tu. Ukianza kuingiza sarafu, tena umekaa kimshazari kutoka kona ya dirisha, kaa nao macho. Ukipita milimita 5, usiniulize mimi hapa, ita mhandisi aje aone kwa macho yake. Angalia pia kama ni mpana juu kuliko chini, na nje ya ukuta uone kama umetokea mahali palepale.

Halafu chukua penseli. Chora kistari kidogo kila upande wa ufa, pima kati yake, andika kipimo na tarehe ukutani. Chora na kingine pale ufa unapoishia. Usifute. Ufa uliolala ni kazi ya plasta. Unaotembea ni kazi ya msingi, na hiyo ni bei nyingine.

Kobe

Nimekuja na la kwangu, na nawaomba msinicheke. Nilipanga wiki sita. Ilichukua miezi mitano.

Nilianza na bafu tu, taili zinazolia tupu kama za mleta mada. Fundi kuzibandua, nyuma bomba la chuma limeliwa na kutu, limebaki unene wa karatasi. Kubadilisha bomba, ikabidi kukata sakafu ya korido. Kukata sakafu, tukakuta waya wa umeme umepitishwa mle bila hata mfereji wa plastiki. Fundi umeme kuja kuutazama, akafungua na boksi la fyuzi, akatikisa kichwa. Ukishamwona fundi anatikisa kichwa jua mfuko umeshatoboka.

Muda wote huo nalipa kodi nilikohamia na bado narejesha mkopo wa nyumba yenyewe. Hesabu niliyokuja kuipiga ni hii. Bei ilipanda kama 12% kuliko ofa niliyoikataa mwanzoni. Ukarabati ulikula 9% ya ile ofa. Kodi na marejesho ya miezi mitano, 5%. Nilifanya kazi miezi mitano kumtajirisha muuza saruji na nikabaki na hasara ya 2, bila kuhesabu nywele.

Lakini niwe mkweli, sijui kama ningeuza na ule waya mle ndani ningelala.

Mnunuzi Mgumu

Naomba niseme kutoka upande wa pili wa meza. Natafuta nyumba, nimeshazunguka 14 mpaka sasa. Nyie wauzaji mna shida moja, mnadhani tunaangalia mnachotaka tuangalie.

Harufu ya rangi mbichi hainipendezi, inaniamsha. Ukuta mmoja ukiwa mpya na mitatu ya zamani, naenda moja kwa moja kwenye ule mpya na kuuwekea kiganja. Nafungua koki zote kwa pamoja na kuvuta maji ya choo nione kama presha inakufa. Nachungulia chini ya sinki kwa tochi ya simu. Nikikuta ndoo imetegeshwa chini ya bomba, nafunga kabati polepole na sisemi kitu, lakini bei imeshashuka kichwani.

Sisi tusiojua ufundi tukiona kasoro hatujui ni ya kiasi gani, kwa hiyo tunajikadiria kubwa, halafu tunazidisha mara mbili kwa ajili ya tusiyoyaona. Koki ya kubadilisha mpira wa ndani kwa dakika kumi inakugharimu kama bomba zima. Doa lako la darini hapo juu mimi nimeshalihesabia paa jipya na sijakanyaga hata kibarazani.

Nyumba iliyonivutia kuliko zote haikuwa nzuri. Taili za bibi, milango ya kahawia. Ila yule mama alitoa bahasha: risiti za paa, jina la fundi, na picha za mabomba alizopiga kabla hayajafunikwa na plasta. Nilikosa kwa sababu kuna mtu alinitangulia siku mbili.

Mjukuu

Bahasha naiunga mkono. Sisi tuliuza nyumba ya babu, paa limechoka, pesa ya kuezua hatuna. Tulichukua makadirio ya maandishi kwa mafundi wawili tofauti, tukayaweka mezani. Kila mnunuzi akianza "hili paa..." tunamsukumia karatasi. Mazungumzo yakabaki kwenye namba iliyoandikwa. Tuliyemuuzia tulikatana nusu kwa nusu.

Msifanye kama alivyofanya mjomba wangu. Yeye alikuwa na ufa mkubwa akausogezea kabati la nguo, akauza na kabati kama zawadi. Mnunuzi alipohamisha kabati alipiga picha, akaenda nazo kwa wakili. Nchi nyingi sheria inamlinda mnunuzi pale muuzaji alipojua kasoro na akaificha makusudi. Mjomba alirudisha sehemu ya pesa, tena baada ya kuwa ameshaila.

Sina Haraka

Kumbe zawadi ya kabati 😂

Ufunguo Mfukoni

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyojifunza humu.

Nilimpandisha fundi juani nikiwa nimeshajiandaa kuambiwa paa zima. Alikaa juu dakika ishirini, akashuka na msumari mmoja mkononi. Ulikuwa umelegea, kimpira chake kimekauka na kupasuka, maji yanafuata tundu yanatembea juu ya mbao ya kenchi mpaka katikati ya sebule. Ndiyo maana doa lilikuwa mbali na tundu lenyewe, nilikuwa nalitafuta pasipo. Kabadilisha misumari ya safu nzima. Ubao wa dari tumesubiri mvua mbili zipite kwanza, tukahakikisha pakavu, ndipo tukauondoa na kuweka mwingine. Gharama yake hata milango miwili ya kabati za ndoto za shemeji isingenunua.

Bafuni nimefunga koki zote, nikaandika tarakimu za mita ya maji, nikakaa saa mbili bila mtu kugusa maji. Mita haikusogea. Basi taili nimezirudisha zilezile tano kwa gundi, sijafungua ukuta. Kobe amenitia hofu, nakiri.

Jiko sijavunja. Shemeji amenuna.

Rangi nimepaka sebule peke yake, kwa sababu dari jipya lilizichongea kuta zake. Picha za fundi akiwa juu ya paa na ule msumari wenyewe nimeviweka kwenye bahasha. Bei nimeiweka chini kidogo ya aliyoitaka dalali wa kwanza, juu kidogo ya aliyoitaka wa pili.

Wa kwanza kuja kuangalia alikuwa mama mmoja na mwanawe. Akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakutana na vistari vyangu vya penseli ukutani, na tarehe nane zimepangana. Akauliza hivi ni nini. Nikamweleza: milimita 2 siku ya kwanza, milimita 2 leo, miezi miwili. Akavipiga picha, akasema anamtumia kaka yake aliye mhandisi. Nangoja simu.

Milango ya kabati nimebadilisha bawaba, sasa inajifunga yenyewe. Goti langu bado linaifuata.